Neoni wameanza tena kuogelea kwa kundi: mkosaji alikuwa maji ya kisima

Wametulia, jamani. Tetra neoni wangu, wale samaki wadogo wa tangi la kioo, wote wanapita mbele ya kioo wakigeuka pamoja, ule mstari wa buluu ukiwaka kutoka jichoni hadi kwenye pezi dogo karibu na mkia. Hakuna anayejibanza nyuma ya filta.

Miezi mingi hali ilikuwa ileile: nabadilisha maji leo, kesho wamepauka, wanahema juujuu, na mmoja au wawili wamekufa. Ila haikutokea kila mara, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kuna wiki nilitoa theluthi nzima ya maji na hawakushtuka hata kidogo.

Mtaa wetu uko kwenye mgao. Mfereji ukitoka, tunapata maji ya bwawa la Ndakaini, laini (yenye madini machache), pH (kipimo cha uasidi) karibu 7. Ukikauka, lori linajaza matangi ya paani kwa maji ya kisima kirefu. Kwa macho hayatofautiani. Klorini naiondoa kwa thiosalfeti siku zote, kwa hiyo niliifuta kwenye orodha ya washukiwa mapema.

Kilichonichelewesha ni vibanzi vya kupimia. Vilionyesha GH, yaani ugumu wa maji, ya chini, nami nikaamini maji ya kisima ni laini pia. Nilipopata kipimo cha matone, GH ilikuwa 3 kweli, lakini KH, yaani kiasi cha bikaboneti, ilifika 12 na pH 8.4! Visima vingi vya Nairobi ndivyo vilivyo: miamba ya volkano inatoa bikaboneti ya sodiamu kwa wingi na kalsiamu kidogo, pamoja na floraidi ile inayochafua meno. GH inahesabu kalsiamu na magnesiamu tu. Bikaboneti haionekani humo kabisa, na ndiyo inayoishikilia pH juu. Ndiyo maana asidi ya magogo na majani niliyoweka ndani ya tangi haikuwahi kuishusha.

Halafu kuna amonia, inayotokana na uchafu wa samaki. Kwenye pH 7 na nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ndiyo iko katika umbo lenye sumu. Kwenye 8.4 inapita asilimia 10. Yaani kiasi kilekile kidogo cha amonia ambacho samaki walikuwa wanaishi nacho bila shida kinageuka sumu mara tu maji ya kisima yanapoingia na kupandisha pH. Neoni wa kufugwa wanaweza kuzoea pH ya juu kiasi. Kurukaruka kati ya 7 na 8 kila wiki ndiko kunakowamaliza.

Dawa ikawa mvua. Nimekinga maji ya mabati kwenye pipa, baada ya kuacha mvua ya kwanza ioshe vumbi la paa. Sehemu tatu za mvua kwa moja ya kisima, KH inashuka hadi 3. Mvua tupu siitumii kwenye tangi hili, maana haina kitu cha kuishika pH na inaweza kuporomoka. Maji mapya naingiza kwa mpira mwembamba, tone kwa tone. Majani makavu ya mkungu kutoka Mombasa sasa yanafanya kazi yake, maji yamekuwa ya rangi ya turungi na samaki wanaonekana kustarehe zaidi.

Kwa maoni yangu, anayefuga tetra Nairobi anunue kipimo cha KH cha matone kabla ya taa ya bei. Hita ni lazima pia, baridi ya Julai si mchezo. Filta ya sponji inatosha kabisa.

Nilipanga mwezi huu kupanda nyasi za chini na kufunga mtungi wa kaboni dioksidi. Nimeahirisha, kwa sababu pipa la mvua limejaa viluwiluwi vya mbu na neoni wanavishambulia kwa fujo ambayo chakula cha kopo hakijawahi kuleta. Navivua vyote kwa kichujio cha chai kabla havijageuka mbu, kisha pipa nafunika kwa chandarua. Majike yameanza kujaa tumbo! Kwa hiyo nataka kujaribu kuwazalisha: tangi dogo, maji ya mvua na mkungu yenye KH chini ya 1, pande zote karatasi nyeusi kwa kuwa mayai ya neoni hayastahimili mwanga. Kinachokosekana ni pipa la pili, na vuli haingoji.