Tofauti Ilikuwa 3,600

Nilipopunguzwa kazi nilikuwa na miaka 48. Nilikuwa nimekaa kitengo cha malipo muda mrefu kiasi kwamba vijana niliowapokea wakiwa mafunzoni walikuwa wameshakuwa wakubwa zangu. Barua ilisema ni "mabadiliko ya muundo". Maana yake, ankara za wasambazaji zingeingizwa na mfumo mpya wa kompyuta, na sisi tuliokuwa tukiziingiza tulipwe stahili zetu, tukabidhi vitambulisho, tuondoke. Siku ile sina la zaidi la kuisemea. Ninayotaka kuisimulia ni ya usaili mmoja uliofuata.

Kabla yake maombi yangu mengi yalipotelea hewani. Kampuni nyingi kubwa siku hizi zina programu inayopitia wasifu kabla ya binadamu, ikitafuta maneno yaleyale yaliyomo kwenye tangazo. Ukiandika "wazabuni" na wao waliandika "wasambazaji", unaweza kuchujwa na hakuna atakayekwambia. Wenzangu wakanishauri nifute tarehe ya kuzaliwa na mwaka niliomaliza chuo. Nikafuta, ingawa nilijua siku nikiitwa, uso utasema wenyewe. Na hata sheria si kimbilio kubwa hapo: Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unataja rangi, jinsia, dini, siasa na asili ya mtu katika mambo yasiyoruhusiwa kumbagulia mtu kazini. Umri haumo kwenye orodha hiyo, mpaka nchi yenyewe iamue kuuongeza.

Aliyenipigia simu hatimaye hakuwa rafiki yangu. Alikuwa kijana wa mauzo wa kampuni iliyokuwa ikituuzia vifaa vya usafi, na kujuana kwetu kote kulikuwa kwa ugomvi. Ankara zake hazikuisha kasoro: mara namba ya oda haipo, mara kodi imejumlishwa mara mbili, nami namrudishia. Akaniambia, "Dada, kuna mteja wangu hesabu zake za benki zimegoma. Nimemwambia namjua mama mmoja aliyenitesa sana kwa ankara zangu, amwite huyo."

Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alishaliandika jambo hili mwaka 1973. Aliwahoji watu waliobadili kazi, akakuta kwamba kati ya waliopata kazi kupitia mtu, wachache tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Wengi walisaidiwa na watu wa kukutana nao mara mojamoja au kwa nadra, kwa kuwa hao ndio wenye habari ambazo wewe na marafiki zako hamna. Marafiki zangu wa karibu tulikuwa tumepunguzwa pamoja. Wangenipa habari gani?

Basi nikaenda. Mhasibu aliyenipokea alikuwa rika la binti yangu. Aliniamkia shikamoo, kisha nikamwona anajishtukia, kama mtu aliyekumbuka kuwa yeye ndiye msaili. "Karibu mama, kaa hapa." Aliuliza maswali mawili matatu ya kawaida, moja likiwa lile la "Utajisikiaje kuongozwa na mtu mdogo kwako?" Nikamjibu kwamba nimeshaongozwa na wadogo zangu, na kwamba mkubwa mbaya ni mbaya katika umri wowote. Akacheka. Sijui kama alipaswa kucheka.

Kisha akanisogezea daftari la fedha la mwezi mmoja, taarifa ya benki ya mwezi huohuo na kikokotoo. "Naomba uvilinganishe, mama. Ukikwama usijali."

Nilianza na vile ambavyo kila karani huanza navyo. Hundi zilizotolewa ambazo hazijafika benki, pembeni. Makato ya benki ambayo hayakuingizwa kwenye daftari, pembeni. Fedha iliyopelekwa siku ya mwisho ya mwezi ikasomeka mwezi uliofuata, pembeni. Baada ya yote hayo daftari lilikuwa pungufu ya benki kwa 3,600.

Kwanza nikatafuta 3,600 yenyewe, labda kuna muamala ulioachwa. Haikuwepo. Nikaigawa kwa mbili, nikatafuta 1,800, maana kiasi kilichoingizwa upande usio wake huleta tofauti mara mbili yake. Haikuwepo pia. Nikajumlisha tarakimu zake: tatu na sita, tisa. Hapo nikapata nguvu. Tofauti inayogawanyika kwa tisa ni dalili kubwa kwamba kuna aliyegeuza tarakimu wakati wa kuandika. Tarakimu ya maelfu na ya mamia zikibadilishana nafasi, kosa huwa 900 mara tofauti ya tarakimu hizo. Na 3,600 ni 900 mara nne, kwa hiyo nilijua cha kutafuta: namba ambayo tarakimu yake ya maelfu na ile ya mamia zimepishana kwa nne. Nikapitisha kidole kwenye safu ya mapokezi, chini, chini zaidi, mpaka kwenye 3,740. Benki ilisema 7,340.

Nikaizungushia kwa penseli, nikamgeuzia daftari.

Aliitazama kwa muda, akatoka nalo. Aliporudi alikuwa na mkurugenzi wake, na ndipo nilipoelewa kwamba lile halikuwa swali la mtihani. Zilikuwa hesabu zao kweli, na mwezi ule ulikuwa umewashinda. Kwa lugha nyingine, nilikuwa nimewafanyia kazi yao bure, na bado hawajaniajiri. Yule dada alikuwa anaona haya. Mkurugenzi hakuona haya hata kidogo, aliuliza tu kama miezi mingine nayo naweza kuitazama.

"Naweza," nikasema, "nikishapata mkataba."

Mkataba wenyewe ulikuja na cheo cha karani wa hesabu, ngazi mbili chini ya niliyokuwa nayo, na mshahara unaolingana na cheo. Kwenye mshahara sikubishana sana. Nilishajua soko linavyokwenda. Nilibishana kwenye kipindi cha majaribio. Waliandika miezi sita, nikataka mitatu. Nikawaambia kipimo walichonipa siku ile ni sehemu ya majaribio na wameshakiona. Mkurugenzi akamtazama mhasibu wake, mhasibu akaitikia kwa kichwa, na miezi sita ikakatwa kwa kalamu palepale, ikaandikwa mitatu, tukaweka saini pembeni wote watatu.