Modemu ya kukodi nimeirudisha

Jamani, leo nimerudisha modemu ya kampuni ya intaneti na kufunga ya kwangu. Nimefurahi kweli! Kodi ya kifaa kwenye bili huonekana ndogo, haiumi ukiitazama peke yake, ila haina mwisho. Utalipa hadi upite bei ya kifaa chenyewe, na bado si mali yako.

Anayetaka kununua ajue kwanza anatumia intaneti gani. Kama ni ya kebo, modemu iwe kwenye orodha ya vifaa vilivyokubaliwa na mtoa huduma wako, la sivyo hawataiunganisha. Kwa kasi kubwa tafuta yenye DOCSIS 3.1 (DOCSIS ni kiwango cha kiufundi cha modemu za kebo), ile ya 3.0 bado inatosha vifurushi vya kawaida. Faiba ni habari nyingine: kile kisanduku cha ukutani mara nyingi hubaki cha kampuni, unachonunua ni ruta tu. (Modemu huingiza intaneti nyumbani, ruta huigawa kwa simu na kompyuta. Vifaa vingi vya kukodi hufanya kazi zote mbili, ndiyo maana watu huchanganya.)

Anayehamahama akodi tu, simlaumu. Kifaa kikifa, kampuni hubadilisha. Mimi sihami, na kodi ilikuwa inaniuma.

Ukirudisha chao, dai risiti yenye namba ya kifaa na uitunze mpaka bili itoke bila ile kodi. Na nywila iliyokuja na kifaa kipya, ibadilishe siku hiyohiyo.