Herufi L iliyokaribia kunipotezea laptopu

Laptopu yangu ni HP EliteBook 840 G1, ya mtumba. Niliinunua Kariakoo mwaka 2018 kwa laki tano na ushee, na tangu hapo mitihani yangu yote nimeichapa humo. Prosesa, yaani ubongo wake, ni i5 ya kizazi cha nne, ya zama za 2013. Ilipoanza kuwa nzito, ofisi nzima ya walimu ilikuwa na ushauri mmoja: kopa, nunua mpya. Uliniudhi na bado unaniudhi. Mashine ilikuwa na ramu (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4 na diski ile ya kizamani ya kuzunguka, lakini hakuna aliyeuliza imepungukiwa nini.

Nilianza na diski. SSD, yaani diski isiyozunguka, ya GB 240, ilinitoka kama elfu sabini. Zamani nilikuwa nawasha, naenda kusaini kitabu cha mahudhurio, nikirudi bado inajikongoja. Sasa ni sekunde ishirini hivi. Kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua SSD. Diski ya zamani niliitia kwenye kasha la USB, naweka humo nakala za kazi zangu.

Ramu ndiyo iliyonitoa jasho. Nilinunua ya GB 8, aina ya DDR3, ikaingia kwenye nafasi yake bila kulazimisha. Nikawasha: kioo cheusi, taa ya Caps Lock inapepesa tu. Nikaitoa, nikasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, nikairudisha. Vilevile. Nikaipeleka kwa fundi, akaiangalia kama dakika tano, akasema, "Mwalimu, madabodi imekwenda hii. Niachie nikutafutie mteja wa vipuri." Nilimshukuru, nikaibeba nikarudi nayo nyumbani.

Usiku ule nikaweka ramu ya zamani peke yake. Ikawaka! Basi madabodi, ile bodi kuu ya ndani, ilikuwa nzima. Nikazilaza ramu mbili mezani, nikazimulika kwa tochi ya simu na kusoma lebo herufi kwa herufi. Ya zamani imeandikwa PC3L-12800S. Mpya, PC3-12800S. Tofauti ni L moja tu! L hiyo maana yake ni ramu ya volti 1.35, isiyo na L inataka volti 1.5, na prosesa za laptopu nyembamba za kizazi kile zinahitaji ile ya volti ndogo. Kesho yake nikanunua yenye L, na mashine ikaamka na GB 12. Kwa hiyo ukienda dukani usiseme "nataka DDR3" ukanyamaza. Nenda na ramu yako ya zamani mfukoni, mlinganishe lebo.

Feni nilisafisha mwenyewe likizo ya Desemba. Skrubu nilizipanga kwenye trei ya mayai, kila hatua na shimo lake, na wakati wa kufunga haikubaki hata moja. Kati ya feni na mapezi ya shaba vumbi lilikuwa limeshikana kama kipande cha blanketi. Nilikivuta kikatoka kizima. Pesti ya kupitisha joto kwenye prosesa ilikuwa imekauka, inamung'unyika kama chaki. Nikaifuta, nikapaka mpya kiasi cha punje ya mchele. Ukipuliza feni, izuie kwa kijiti isizunguke.

Microsoft walipofunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ushauri wa "itupe" ukarudi, maana Windows 11 inadai, kwa upande wa Intel, kizazi cha nane kwenda juu. Nikaweka Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, wa bure. Taabu niliyoipata ni moja: mtihani nilioupanga kwa LibreOffice, programu ya kuandikia, ulifunguka ovyo kwenye Word ya steshonari, maswali yamehama kurasa. Siku hizi naupeleka ukiwa PDF, unatoka kama nilivyouacha.

Na ile ramu isiyo na L haikupotea. Mwalimu wa hesabu ana ThinkPad X220 ya mwaka 2011, yenyewe inatumia hiyo hiyo ya volti 1.5. Tuliichomeka wakati wa chai, ikawaka mara ya kwanza.