Mradi wa cherehani: Singer imeondoka, kwa kichwa cha tisa

Imeondoka jana saa kumi na moja jioni. Ile cherehani ya Singer, modeli ya 15K, niliyoianza mwezi wa pili, iliyokuwa imeganda kwa mafuta ya zamani hata gurudumu halizunguki, imepakiwa kwenye kirikuu pamoja na meza yake kwenda Mbagala. Kuifufua kulinichukua siku nne. Kuiuza, wiki saba. Bei sikuibadilisha hata mara moja. Nilichobadilisha ni kichwa cha tangazo, mara nane, na leo naandika kuhusu hicho tu. Habari za matengenezo, springi ya uzi na mkanda mpya, wenzangu mnazijua.

Cha kwanza kilikuwa hivi: "Cherehani nzuri sana inauzwa bei poa wahi". Nikikisoma sasa nasikitika. Kwenye Marketplace ya Facebook, soko la mtandaoni, kila kitu kinauzwa, kwa hiyo "inauzwa" imekalia nafasi bure. "Nzuri" hakuna mtu anayeiandika anapotafuta. "Bei poa" inafanya nini wakati bei yenyewe inaonekana? Neno lenye kazi ni moja tu, cherehani. Siku kumi nilipata jumbe mbili, na mmoja alikuwa anauliza kama natengeneza blenda.

Nikaenda kusoma miongozo ya wauzaji wa nje. eBay wanakupa herufi 80 kwenye kichwa, Etsy wanakupa 140, na ushauri niliokuta ukirudiwa sana ni kuijaza nafasi yote kwa maneno ambayo watu wanayatafuta. Nikajaza: "Cherehani Singer 15K original ya zamani kutoka Uingereza ya miguu na meza kamili kwa mafundi". Kisha nikaazima simu ya dada yangu nilione tangazo langu kama anavyoliona mnunuzi. Kwenye Marketplace ya Facebook bei inakuja kwanza, kichwa kinafuata kwenye mstari huohuo, kisha kinakatwa. Kilichobaki kuonekana: "Cherehani Singer 15K…". Miguu, meza, mafundi, vyote vimemezwa. Tangu siku hiyo siamini kichwa chochote mpaka nikione kwenye simu ndogo ya mtu mwingine. Hicho ndicho kifaa bora nilicho nacho kwenye mradi huu, na si changu.

Sasa nije kwenye kilichonitesa: hiyo "15K". Mimi naipenda. K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer kule Clydebank, Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980. Nilitaka mnunuzi ajue kwamba hii si mashine ya juzi. Nikaandika vichwa vinne mfululizo, vyote vina 15K, mara mwanzoni, mara katikati, mara kwenye mabano. Hakuna hata mtu mmoja aliyeigusa kwenye ujumbe wake. Na bado sikukubali. Nikasema labda picha ndiyo mbaya, nikabadilisha picha. Siku hiyohiyo nikabadilisha na kichwa, tena nikalihuisha tangazo likapanda juu. Jumbe zikaongezeka, nikafurahi, kisha nikagundua siwezi kusema ni kipi kati ya vitatu kilichozileta. Wiki nzima imepotea. Ukijaribu kichwa, acha picha, acha bei, na hesabu siku kuanzia ulipolihuisha tangazo. Mimi nimeumia kwa kutofanya hivyo.

Basi nikachukua daftari la mistari (programu za majedwali kwenye simu zinanichosha vidole) nikanakili kila swali nililoulizwa tangu mwanzo. Lililoongoza: "Ni ya umeme au ya miguu?" La pili: "Kichwa tu au na meza?" (hapo kichwa ni mashine yenyewe bila meza.) La tatu: "Inashona jinzi?" Hakuna aliyeuliza mwaka wala kiwanda. Yaani watu walikuwa wananiandikia kichwa cha tangazo kila siku, mimi nawajibu mmoja mmoja faraghani.

Halafu akapiga dada mmoja, fundi, sauti ya haraka na nyuma yake nasikia pasi na redio.

"Kaka, hiyo Singer yako ni ile ya chuma?"

"Ndiyo dada, ni chuma tupu."

"Sasa mbona hujaandika? Mimi nimeona picha nikadhani ni plastiki imepakwa rangi."

Hakununua, lakini alinipa neno. Chuma! Yale yote niliyokuwa nataka kuyasema kwa 15K, uzito, umri, kutotetemeka kwenye kitambaa kizito, mafundi wanayasema kwa neno moja la herufi tano. Na wanalitafuta.

Kikabaki kikwazo cha tahajia. Kuna wanaoandika cherehani, kuna cherahani, kuna charahani, na nilipojaribu kila moja kwenye simu ya dada, matangazo yaliyotokea hayakuwa yaleyale. Nikaamua mbele ikae Singer, maana hiyo wengi wanaiandika sawa, cherehani iende mwisho, na zile tahajia nyingine niziweke kwenye maelezo ya chini. Kichwa cha tisa:

"Singer ya chuma, ya miguu, na meza. Cherehani ya jinzi"

Herufi 54 na nafasi zake. Kikikatwa mapema, chuma imeshaonekana. Siku nne, jumbe sita, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu umeme. Wa tano ndiye aliyekuja na kirikuu. Kilbowie nimemsimulia hapahapa uani wakati tunafunga kamba, akasikiliza mpaka mwisho.

Kuhusu zile programu za kutunga vichwa: nilijaribu moja, ikanipa "Mashine ya kushonea yenye ubora wa hali ya juu". Sijawahi kumsikia fundi akisema hivyo. Na msahihishaji wa maneno kwenye simu mzime kabisa, ananiharibia cherehani kila ninapoiandika.

Jambo jingine linaloniudhi ni wanaoandika "Singer" kwenye tangazo la cherehani ya Butterfly. Ndiyo, Butterfly ya Shanghai nyingi zimefuata umbo la Singer 15 na bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ni ileile. Lakini Butterfly ni Butterfly. eBay wanakataza kuita wateja kwa jina la chapa ambayo si ya bidhaa yako, na mimi naona wana haki: fundi amepanda daladala mbili kuja kuona kitu kingine.

Nilipanga wiki hii nianze ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa. Itasubiri. Jumamosi naenda Kariakoo na daftari, nikae karibu na mafundi nisikilize wanaitaje kila mashine wanapoulizana wenyewe kwa wenyewe. Ninayo Butterfly ya mkono mezani, nimeshaisafisha, na kichwa chake cha kwanza ni "Butterfly ya mkono, kichwa tu". Hilo "tu" linanisumbua.