Mama, kipimo hicho hakijibu swali lako

Duka langu la dawa liko Mbagala, na haipiti siku bila mteja kuinama dirishani: "Dada, nipe omeprazoli, tumbo linawaka moto." Juzi mama mmoja alinionyesha majibu ya damu. Eti bado ana H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, na dozi kamaliza! Nikamweleza kuwa kipimo hicho kinasaka kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya bakteria, nazo hubaki mwilini muda mrefu hata bakteria wakishakufa. Apime choo au pumzi, wiki 4 baada ya antibayotiki, akiwa ameacha omeprazoli wiki 2. Wiki mbili bila omeprazoli? Alinuna.

Utafiti ninaoufuatilia kwa hamu ni wa vonoprazani, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo inayotolewa pamoja na antibayotiki. Japani wanaitumia tangu 2015. Marekani waliiidhinisha kwa H. pylori mwaka 2022. Hukandamiza asidi kwa nguvu zaidi kuliko omeprazoli, na haina masharti ya kumezwa nusu saa kabla ya kula. Kwenye majaribio ya Marekani na Ulaya iliishinda lansoprazoli, ndugu ya omeprazoli, hasa kwa bakteria sugu kwa antibayotiki ya klarithromaisini, ingawa hata hapo karibu theluthi ya wenye bakteria hao hawakupona. Usugu huo ndio unaonitisha. Anayetaka antibayotiki za siku tatu namrudisha kwa daktari, akasirike tu.