Pistoni ya AK ikicheza, iache icheze

Nimeishi na bunduki ya AK tangu nikiwa jeshini, na sasa natunza silaha za kampuni ya ulinzi hapa Kampala. Kwa hiyo mtu akiniambia bunduki imekufa, sikubali hivihivi. Hii waliniambia imekufa. Kibeba-bolti, kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma kikibeba bolti, yaani kifungio cha nyuma ya mtutu, kilirudi nyuma vizuri, lakini kikienda mbele kilikwama kabla ya kufunga, mlinzi akawa anakisukuma kwa kiganja.

Afande mmoja alisema springi imechoka. Nikaibadilisha, hali ileile. Mwingine akashauri mafuta ya kupikia. Jamani! Mafuta hayo yakipata joto hugeuka gundi, na vumbi letu hili likinasa humo utaanza kazi upya. Msiwasikilize.

Nilitoa springi kabisa, nyundo ikiwa imevutwa, nikainamisha mtutu chini. Bila bomba la gesi, mrija ambamo pistoni hupita, kibeba-bolti kiliteleza chenyewe mpaka ncha ya pistoni, ile fimbo ya mbele yake inayosukumwa na gesi ya risasi, ilipofika kwenye mdomo wa gesi, pale gesi inapotokea mtutuni. Nikarudisha bomba, kikasimama katikati ya njia. Basi reli kinazotelezea ni nzima. Ugomvi ulikuwa wa pistoni na bomba lake.

Lakini inagusa wapi? Hapa ndipo ninapojivunia. Niliwasha tadooba, ile taa ya mafuta isiyo na kioo, nikaipitisha pistoni juu ya moshi mpaka ikawa nyeusi yote kwa masizi. Nikaiingiza taratibu, nikaichomoa. Upande mmoja tu uling'aa, karibu na kichwa. Upande wa pili masizi yalibaki kama nilivyoyaweka. Pistoni ilikuwa imeinamia upande! Nikafuata shina lake hadi linapoingia kwenye kibeba-bolti, nikapangusa uchafu, nikakuta tone la weldi.

Kumbe kuna fundi aliyeiona inatikisika akaamua kuikaza. Hilo linaniudhi mpaka leo. Pistoni ya AK hushikwa kwa pini na huachwa icheze kidogo makusudi, ili ijitafutie njia yake ndani ya bomba. Ukiikaza ikiwa imeinama hata kidogo, itasugua kila risasi inapolia.

Nilinunua tupa laini, elfu kadhaa tu, nikalisugua lile tone polepole hadi pistoni ikatikisika tena kwa vidole. Kichwa chake sikukigusa, wala shina. Bolti nayo niliiacha na bunduki yake, maana bolti ya bunduki nyingine huenda isifunge sawasawa, na hapo unacheza na uso wa mtu.

Masizi tena: safari hii hakuna upande uliong'aa peke yake. Uwanjani magazini nzima ya risasi 30 ilikwisha bila kukwama.

Jioni ileile niliteremsha bunduki zote za stoo, nikashika pistoni moja moja na kuitikisa. Nyingine moja ilikuwa na weldi vilevile. Nayo nimeitenga, haitoki mlangoni mpaka nimalize kuipiga tupa.