Mikorosho ya bibi

Jana kikao cha ukoo Newala, bibi kakaa mkekani anamenya zake mihogo, wajomba wanaipangia bei mikorosho aliyoachiwa na mama yake. Watu husema Wamakonde ukoo ni wa mwanamke, sawa, mtoto wa kwa mama na shamba linapita kwa mama, ila msemaji mjomba, na hela ya korosho ikitoka AMCOS (ushirika wa wakulima) inaingia akaunti yake, bibi anaonyeshwa meseji tu 🙄 Mi nikasema twende baraza la ardhi la kijiji, watu 7 na sheria ya 1999 inataka 3 wawe wanawake. Mjomba kanuna. Bibi kaweka kisu chini: "Haiuzwi. Na kesho nafungua akaunti yangu." Saa hizi tuko foleni benki, kitambulisho cha NIDA kakisahau nyumbani 😂